Risasi Bapa

Kila Jumamosi, Christabel aliamka mapema akafagia uwanja mdogo nyuma ya soko la Garsen, ambapo mjomba wake Ishmael alikuwa na kibanda cha kulenga shabaha. Alipanga makopo matupu juu ya ubao, akakagua magunia ya mchanga yaliyokuwa nyuma yake, kisha akachora kwa chokaa mstari ambao hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuuvuka. Bunduki yenyewe ilikuwa ya upepo. Mjomba alikuwa na kibali chake, na hakuna aliyeishika bila yeye kusimama kando.

Kazi haikumchosha. Kilichomchosha ni ukimya. Mama yake alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, ndipo Christabel akahama kutoka Ngao akaja kuishi na mjomba, ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Katika shule mpya, wenzake walikuwa wameshagawana marafiki kabla hajafika. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake akijifanya anasoma. Jioni aliiweka simu ya mjomba mapajani, akingoja mama apige. Siku nyingine alipiga. Siku nyingi hakupiga.

Wiki moja Mjomba alitia springi mpya katika bunduki. Mtutu ukikunjwa, springi hujibana ndani. Ukifyatua, hujiachia na kusukuma hewa, nayo hewa huitupa risasi. Ile ya zamani ilikuwa imechoka. Mara ya kwanza Mjomba alipaka grisi nyingi kupita kiasi, bunduki ikatoa moshi na risasi zikaenda ovyo. Akaifungua tena, akaifuta, akapaka kidogo tu.

"Sasa tuijaribu," alimwambia Christabel.

Aliilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga karatasi kwa risasi bapa nyepesi, zile walizozitumia siku zote. Matundu yakatawanyika kama mahali kuku alipoparura. Akachukua risasi nyingine, nzito zenye kichwa cha mviringo. Matundu yakakusanyika pamoja, ungeweza kuyafunika yote kwa kifuniko cha soda.

"Ajabu!" alisema Christabel. "Bapa ndizo zilizokuwa nzuri."

"Kwa springi iliyochoka," alijibu Mjomba. "Hii mpya ina nguvu, nyepesi zinayumba. Bunduki ikibadilishwa moyo, hubadilisha na chakula. Hizi bapa ziweke chini ya meza, asipewe mtu. Kumuuzia mtu risasi isiyolenga ni kumwibia."

Jumamosi, baada ya adhuhuri, Ifrah alikuja na rafiki zake. Darasani kila mtu alitaka kukaa karibu na Ifrah.

"Kumbe hapa ni kwenu?" aliuliza.

"Ni kwa mjomba," alijibu Christabel. Ifrah hakuwahi kumsemesha.

Kabla yao alikuwa amefika Molu, mwanafunzi mwenzao kutoka upande wa malisho, asiyependa maneno mengi. Alikuwa amejinyima maandazi ya shule ili apate zamu ya kupiga. Zawadi ya atakayeangusha makopo mengi ilikuwa chupa ya chai, nyekundu, mpya kabisa.

Christabel akatazama kopo la risasi nzito. Zilibaki chache, za mtu mmoja tu. Akimpa Molu, Ifrah atakosa, ataondoka, na hatarudi tena. Mkono wake ukateremka chini ya meza.

Mjomba, macho yake yakiwa kwenye mtutu, hakuona. Molu akalenga kwa utulivu, akafyatua. Risasi ikapiga gunia. Ya pili ikapita juu. Hakuangusha hata kopo moja.

"Huyu amezoea kulenga ng'ombe kwa fimbo!" alisema msichana mmoja, na wenzake wakacheka.

Molu aliirudisha bunduki mikononi mwa Mjomba, akaenda kuketi chini ya mti wa mathenge, mgongo ukiwa umewaelekea.

Ifrah akapewa risasi nzito. Makopo yakaanguka, moja baada ya jingine. Akapewa chupa, akaruka kwa furaha, akamkumbatia Christabel.

"Jumatatu ukae nasi!"

Maneno hayo Christabel alikuwa ameyangoja muda mrefu. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mgongo chini ya mti. Aliujua upweke wa namna ile. Safari hii ni yeye aliyemvisha mwingine.

"Mjomba," alisema, "nimempa Molu zile bapa."

Mjomba aliilaza bunduki. "Kwa nini?"

"Nilitaka Ifrah awe na sababu ya kunisemesha."

"Nenda kamwambie mwenye haki yake. Mimi siwezi kukuombea msamaha."

Uwanja ule mdogo ulionekana mpana kwake. Alipofika, alisema yote bila kujitetea. Molu alimsikiliza huku akichora mchangani kwa kijiti.

"Nilidhani ni mikono yangu," alisema hatimaye. "Chupa nilimtakia nyanya yangu. Asubuhi mifupa inamuuma, na chai inachelewa."

Ifrah alikuwa amemfuata Christabel nyuma, na alisikia kila neno. Uso ukambadilika. Alirudi, akaiweka chupa mezani.

"Sikuja kupewa. Nilikuja kushinda," alisema, akaondoka na wenzake.

Mjomba alimrudishia Molu pesa zake, akawaalika wote wawili Jumamosi iliyofuata, atakapoletewa risasi nzito kutoka Mombasa.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Ifrah alipita karibu na Christabel bila kumtazama. Molu alimwitikia salamu tu. Usiku mmoja Christabel alilia chini ya shuka, akajiuliza kama angenyamaza ingekuwaje. Lakini hakutamani kuyarudisha maneno yake.

Jumamosi walikuja wote wawili. Mjomba alimwaga kopo jipya la risasi mezani waone kwamba risasi zote ni za aina moja.

"Msiibane bunduki," aliwaonya. "Ilazeni mkononi, iacheni iruke itakavyo."

Ifrah aliangusha makopo matatu. Molu aliangusha manne, la tano likatikisika likabaki. Ifrah akawa wa kwanza kupiga makofi, akamkabidhi chupa yeye mwenyewe. Kisha akamgeukia Christabel.

"Nionyeshe ulivyojua zipi ni nzuri," alisema. Hakutabasamu, lakini alisogea nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi.

Christabel alimtazama mjomba wake kama anayeomba ruhusa. Mjomba akamwinamia.

"Mwanangu, kutaka rafiki si kosa. Kosa ni kumnunua kwa haki ya mwingine. Ukimpata mtu kwa hila, kila siku utaongeza hila ili asikuache. Ukimpata kwa ukweli, hata akikununia, anajua anamnunia nani. Haya, nenda. Wanakungoja."

Christabel akachukua karatasi mbili zenye matundu, akaenda kuketi kati yao.