Mtandao wa Kitinda

Mama hakuwahi kunipigia simu kunijulia hali. Akipiga, ujue kuna kitu kimeharibika. Pasi haipati moto, taa ya ukumbini inapepesa, redio inakwaruza. Nikipokea hasemi "mwanangu". Anasema "fundi", kama anavyoniita mteja yeyote anayeingia dukani kwangu na kompyuta iliyomwagikiwa chai.

Kwa hiyo jioni ile simu ilipolia nikiwa nafunga duka, nilishajua.

"Fundi, ile kompyuta inakatika."

"Inakatika nini, mama?"

"Intaneti. Inakaa kidogo, inaondoka. Njoo uangalie. Njoo kabla giza halijaingia."

Akakata. Nikasonya, nikatia mkoba wa vifaa begani, nikaenda. Ningefanyaje? Ni mama.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu, mimi dada mtu na yeye, na nyumbani tulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo. Mama alimlea kama yai. Mimi nilipanda kwenye meza kutengeneza soketi, yeye akamenyewa chungwa. Kifua kilipomlaza, ni mimi niliyemgeuza kitandani na kumfulia mashuka, na mama alikuwa akinipita na ndoo yangu mlangoni kama anapita kiti, anakwenda kumshika mkono. Alipofariki niliumia, alikuwa ndugu yangu. Lakini nilifikiri pia kwamba sasa macho ya mama yatarudi kwangu.

Hayakurudi.

Baada ya mazishi nilitafuta ruta yake, kile kisanduku cheusi kilichokuwa kikimrushia intaneti chumbani, nimfungie mama sebuleni ili jioni tuwe tunaonana kwenye skrini. Sikuiona. Nilidhani mmoja wa waombolezaji kaitia kwapani, maana misiba ina mikono mingi. Nikamnunulia mama ruta mpya, nikaichomeka ukutani mwenyewe, nikaupa mtandao wake jina la NYUMBANI. Sikumbuki kama alisema ahsante.

Nilimkuta mezani. Mapazia yamefungwa, kompyuta iko wazi mbele yake, kilemba kimemkaza mpaka kwenye nyusi. Nilimpa mkono. Wake ulikuwa wa baridi, tena baridi yenye unyevu.

"Umekula, mama?"

"Angalia kompyuta."

Kulikuwa na harufu mle ndani. Udongo. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi, wakati mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uanze. Nilichungulia chini ya meza nikijua sitaona kitu, kisha nikavuta kiti.

Kazi hii ina utaratibu wake. Kwanza nilifungua intaneti kwenye simu yangu nikaiacha pale pale. Haikukatika. Basi ruta ni nzima, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Nikasogeza mashine karibu na ruta. Nikaiongezea programu mpya. Nikazima ule mpango wa kubana betri, ambao huilaza kadi ya mtandao kila mashine inapotulia. Kwa kompyuta zinazokatika hovyo, mara nyingi mchawi ni huyo.

Alama ya mtandao ikatulia.

"Imepona," nikasema.

 Mama alikuwa akitazama pazia, pale mwanga ulipokuwa ukipungua kwenye kitambaa. Alikuwa anangoja kitu.

Alama ikapepesa. Ikazimika.

Kisha ikarudi. Imejaa tele, kama ruta iko mapajani mwangu.

Nikainama kusoma jina la mtandao.

KITINDA.

Nieleze hapa, maana hata mimi nilijieleza ili moyo ushuke. Kompyuta hukumbuka kila mtandao iliowahi kuingia. Ikikutana tena na mtandao inaoujua, inaweza kuuacha uliopo na kuhamia huko. Hakuna cha ajabu. Mtu kaichomeka ruta ya marehemu mahali fulani humu ndani, basi.

"Mama, ruta ya Kitinda iko wapi?"

"Anayo mwenyewe."

"Nani?"

"Mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizwa chumvi iko wapi. "Nilimwekea chini ya mto. Kabla hawajafunika."

 Nikapiga hesabu. Makaburini ni mbali, mji mzima uko katikati, na mawimbi ya kisanduku kile yalikuwa hayafiki hata kwa jirani. Tena kule chini nani angekipa umeme?

Spika ya kompyuta ikakwaruza.

Halafu... kikohozi.

Nakijua kikohozi kile. Nilikisikiliza usiku na mchana, kikavu kwanza, kisha kinafuatwa na pumzi ndefu inayovutwa kama kiti kizito sakafuni. Mama akaegemea mbele. Uso wake ukalainika. Sijawahi kutazamwa hivyo na mama yangu, na hapo, pamoja na hofu yote, nilimwonea wivu maiti.

"Mama, umefanya nini?" nilinong'ona.

"Kuna mtu alinielekeza."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Alikuja siku ya msiba, akakaa kule nyuma. Akasema, mpe kitu alichokuwa anakishika kila siku, na kitu cha mwili wako. Hatakwenda mbali."

Akafungua kilemba.

Nywele zilikuwa zimetoka kwa mabaka. Hazikunyolewa, hapana. Zilikuwa zimeng'olewa, na ngozi pale ilikuwa nyeupe, inateleza.

"Kila jioni anataka kidogo," mama akasema. "Ni nywele tu. Zingekuwa za nini kwangu?"

Nilitazama mikono yake iliyokonda, mfupa wa shingo uliotokeza. Zilikuwa nywele tu? Mama alikuwa anaisha. Alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, jioni baada ya jioni, na mimi nilikuwa nimeitwa kurekebisha mitambo.

"Sasa kinachokatika ni nini?" Nilijikuta nauliza swali la fundi. Sikuwa na jingine.

"Wewe."

"Mimi?"

"Huo wako. Tukianza tu kuongea, huo NYUMBANI wako unaingia katikati, unatukata. Uondoe. Ndicho nilichokuitia."

Kuna maneno hayapigi kelele lakini yanakuacha umeshika ukuta.  Sikulia. Hasira ndiyo iliyonisaidia, nashukuru kwa hilo.

Nikaizima kompyuta, nikaipindua, nikatoa bisibisi. Nikafungua skrubu, nikang'oa betri, nikaiweka mezani. Nikaondoa mfuniko. Ndani, kwenye feni, mahali ambapo siku zote nakuta vumbi na nyuzi za nguo, palikuwa na udongo. Mwekundu. Wa majimaji. Nikaupitishia kidole, nikatafuta kadi ya mtandao, kile kipande kidogo kinachopokea mawimbi, nikakichomoa. Bila hicho kompyuta ni kiziwi.

Betri iko mezani. Kadi iko kiganjani mwangu.

Uso wa mama ukamulikwa.

Niliigeuza mashine taratibu. Skrini ilikuwa inawaka. KITINDA. Mawimbi yamejaa tele.

"Mama..." spika ikasema.

"Nipo, mwanangu."

Neno lile. Alilitoa bila kufikiri, kama mtu anavyotoa pumzi.

"Dada bado yupo?"

"Anaondoka," mama akasema. Hakunitazama.

Sikungoja. Nilikamata kompyuta, mfuniko na vyote, nikaikumbatia kifuani na kutoka. Ilikuwa baridi, na kitu ndani yake kilikuwa kikigonga, kwa kucha, taratibu, kama Kitinda alivyokuwa akigonga ukingo wa kitanda akitaka maji. Nyuma yangu mama hakupiga kelele wala hakunifukuza. Alisema tu, kwa sauti ya uchovu:

"Umenikata."

Niliifungia kwenye kabati la chuma dukani, nikageuza ufunguo, nikapiga moyo konde. Nilijua naokoa uhai. Kila siku nilimpelekea mama chakula, nikamwosha, nikampaka mafuta yale mabaka kichwani. Nywele zilianza kuota, laini kama za mtoto. Mashavu yakaanza kujaa. Lakini hakusema nami. Hakuniita hata fundi. Nilikaa kwenye kile kiti cha pili, nikamsimulia wateja wangu na vituko vyao, naye akitazama nafasi tupu mezani ilipokuwa ile kompyuta. Nilijiambia ana muda, atarudi, mimi ndiye niliyebaki.

Ndipo ikaja jioni moja, nikiwa nauunganisha waya wa chaja ya mteja, nikasikia mtu anacheka.

Kicheko kilitoka kabatini.

Kilikuwa cha mama. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Kilikuwa cha chini, kile cha watu wawili wanaosimuliana jambo lao, na baada yake kikafuata kikohozi.  Nilitupa waya nikakimbia njia nzima, duka nimeliacha wazi.

Mlango wa nyumba haukufungwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono ameiweka mezani kama anayeandika. Kilemba kilikuwa chini. Kichwani hapakuwa na unywele hata mmoja, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu.

Alikuwa anatabasamu.

Kwenye kiti changu, kile cha pili, palikuwa na ruta. Ile yangu. Ilikuwa imechomolewa ukutani, waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa fundo, kama kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe.

Daktari alisema ni moyo uliomuua. Sikumbishia. Nilipofungua kabati sikukuta kompyuta, nilikuta konzi ya udongo uliokauka, na ufunguo pekee wa kabati lile ninao mimi. Mtu aliyekaa nyuma siku ya msiba niliulizia, nikaambulia patupu. Kila mtu alimwona. Kila mmoja alidhani ni jamaa wa mwingine.

Tangu hapo mashine za wateja zinakatika dukani kwangu. Zote. Mchana kutwa ni nzima, jua likianza kuzama zinaachia mtandao kwa pamoja. Nikitazama orodha ya mitandao iliyo karibu, upo mmoja tu.

KITINDA. Pembeni yake, alama ya kufuli.

Nimejaribu nenosiri kila jioni. Nimeandika siku ya kuzaliwa kwake, jina la mama, jina la dawa alizokuwa anakunywa, jina la mbwa aliyekuwa akimlisha chini ya meza. Jioni moja niliandika hata jina langu, nikijidanganya. *Nenosiri si sahihi.* Mimi, ambaye watu wazima wananiletea kompyuta walizosahau wenyewe namna ya kuzifungua, na nazifungua wakiwa bado wanatafuta mahali pa kukaa. Kule sifunguliwi. Nikiweka sikio kwenye spika nawasikia wakiongea, na nikianza kuandika, wananyamaza.

Usiniulize nilikuwa nataka kuingia nifanye nini. Nataka tu kujua wanaongea nini wakati mimi sipo.

Jana jua lilipozama kompyuta ya mteja ikakatika kama kawaida. Nikafungua orodha.

Kufuli haikuwepo.

Nilikaa nikiitazama, vidole vimeniganda juu ya herufi. Ile harufu ikajaa dukani. Spika ikakwaruza... kimya... kisha sauti, ya mbali, yenye udhia ule ule ninaoujua tangu utoto.

"Fundi."

Nikaondoa vidole kwenye herufi.

"Fundi, huku kunakatika. Njoo uangalie."

Hata huko. Hata sasa, hakusema mwanangu. Niliizima ile mashine kwa nguvu, nikalala na taa. Asubuhi nilipochana nywele kitana kilitoka kimejaa, na nilipopapasa nyuma ya sikio niligusa mahali panapoteleza.

Sasa jua linashuka tena. Nimerudisha kompyuta za watu wote, nimefagia duka, nimefunga madirisha. Nimebakiza moja ya kwangu, iko wazi mezani, na alama imeshaanza kupepesa.

Mkoba wa vifaa niko nao begani. Ningefanyaje? Ni mama.