Siku Tisa za Mafuta

"Nyigu, ripoti inatumwa saa sita kamili. Izuie."

Sauti ya Mkuu ikakatika sikioni mwake.

Saa sita kasoro dakika nane.

Nyigu alikuwa akipanda ngazi za Idara ya Takwimu za Nishati, bastola yake ya Glock ikimgonga ubavuni. Lifti ilikuwa imekufa. Mgao wa umeme haumjali karani wala jasusi.

Kila nchi ilipeleka hesabu zake kwenye kituo kimoja cha dunia: imezalisha nishati kiasi gani, imetumia kiasi gani, imebakiwa na nini. Meli za mafuta zilipangwa kwa hesabu hizo. Ripoti ya safari hii ilidai akiba ya siku tisini.

Asubuhi ile Nyigu alikuwa amepanda juu ya matangi ya akiba, akateremsha kijiti cha kupimia.

Siku tisa.

Mafuta mengine yote walanguzi walishayavusha mpaka. Ripoti ikipokelewa, meli mbili zilizokuwa njiani zingegeuzwa kwenda kwingine, na wizi usingejulikana mpaka nchi nzima izimike.

Orofa ya nne. Teke moja, mlango chini.

Mlanguzi mwenye suti ya kijivu alisimama nyuma ya mtakwimu aliyeketi mezani. Mkono ukaingia kotini. Nyigu hakumsubiri autoe.

Risasi moja, begani. Mtu na kabati la mafaili wakaenda chini pamoja.

Mtakwimu hakuinuka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kompyuta iliyotumia betri.

Nyigu akaiona sura yake. Alikuwa mume wa dada yake.

"Shemeji," alisema mtakwimu polepole, "ni tarakimu tu."

"Toa mkono, shemeji."

"Miaka ishirini nimeandika za kweli. Nani alizisoma?"

"Mama mkwe wako anapumua kwa mashine. Jenereta ya hospitali inakunywa nini, maji?"

"Waliniapia tangi la hospitali halitaguswa!"

"Nimelipima mwenyewe. Kavu."

Mkono wa mtakwimu ukaondoka kwenye kitufe, ukaingia kwenye pingu.

"Vipi, Nyigu?" Mkuu aliuliza redioni.

"Imezuiwa. Meli zije."

"Msaliti unamfahamu?"

"Nilisimamia harusi yake."

Simu ikalia. Dada.

"Mwenzangu, umemwona shemeji yako? Nampigia hapokei."

"Nimemwona. Usimwekee chakula."

Akakata. Akawakabidhi askari waliofika watuhumiwa wote wawili, akavaa miwani ya jua, akatoka barabarani kupitia foleni ndefu ya magari yaliyosubiri mafuta. Dereva mmoja alimtukana kwa kumkatia njia.

Hakugeuka.