Mgongo wa Outi na Ng'ombe wa Hilkka

Kwa Hilkka ng'ombe hukamuliwa alfajiri, iwe theluji, iwe jua. Ana ng'ombe kumi na wanne, mashine ya kukamulia, na magoti yaliyochoka. Nyumba yangu inatazamana na yake. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine Hilkka alinieleza huku akinimalizia kahawa.

Ana binti mmoja, Outi. Outi alipokuwa na miaka kumi na minne, uti wake wa mgongo ulianza kupinda kwa upande. Bega moja likapanda kuliko jingine. Halikuwa kosa la mtu, wala la mkoba wa shule. Huwatokea vijana wengi wanapokua, hasa wasichana. Ulipozidi kupinda, madaktari walimpasua, wakaunyoosha kadiri walivyoweza, wakaushikiza kwa vyuma na skrubu mpaka mifupa ikaungana. Outi akapona.

Aliyebaki mgonjwa ni Hilkka, mgonjwa wa hofu. Daktari alikataza mizigo mizito kwa miezi ya mwanzo tu. Hilkka akaikataza kwa miaka ishirini. Outi asiguse ndoo, asiteleze kwenye barafu, asibebe kuni. Na zaidi ya yote, asiingie sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, eti chuma kitapata moto kimchome kwa ndani. Jamani, huku kwetu kumnyima mtu sauna ni kama kumnyima chumvi. Jumamosi sisi tuko ndani ya mvuke tunatoka jasho, Outi yuko nje kwenye ngazi, kajifunga koti. Kinga ni bora kuliko tiba, sawa, lakini kinga hii ilikuwa imegeuka ugonjwa.

Outi alifanya kazi ya ofisini mjini, akikaa kitini kutwa. Jioni mgongo ulimuuma. Mama yake akasema ni chuma hicho, apumzike zaidi. Akapumzika, ukauma zaidi.

Mwezi wa Januari magoti ya Hilkka yalianza kugoma. Akakubaliana na mfanyabiashara mmoja, Veikko, aje kuwanunua ng'ombe wakitoka malishoni vuli, kabla ya theluji. Outi aliposikia, akarudi nyumbani.

"Niachie mimi, mama," alisema.

"Nikuachie uvunjike? Una chuma mgongoni, mwanangu."

"Chuma ninacho. Na mikono ninayo pia."

Hilkka akakataa katakata. Outi akaenda zizini. Nilimkuta huko amemkumbatia ng'ombe shingoni, analia. Iliniuma sana. Tangu utotoni hakuwahi kutaka kazi nyingine ila hii ya ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata alikuja Terhi, mtaalamu wa tiba ya viungo wa kituo cha afya, kuangalia magoti ya Hilkka. Kama ilivyo desturi, akakaribishwa sauna. Kwenye ngazi akamkuta Outi anatetemeka kwa baridi, akamuuliza kulikoni, akaambiwa. Alipoingia ndani hakuoga kwanza. Aliketi karibu na Hilkka.

"Mama Hilkka, ule uji uliokula asubuhi umeanza kuchemka tumboni kwa joto hili?"

"Acha utani wako."

"Basi na chuma ni hivyo hivyo. Kiko ndani kabisa, chini ya nyama, na damu inapita hapo. Mwili unajipoza kwa jasho. Joto la chuma ni joto la mwili tu. Aliyetoka kupasuliwa ndiye wa kusubiri mpaka kidonda kipone."

Hilkka akajifuta jasho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, je, na kubeba mizigo?

"Hilo sitabahatisha," Terhi alijibu. "Kila mgongo na habari zake. Aje apigwe picha, tuone."

Outi akaingia, akakaa benchi la chini kwanza, kisha la juu. Hilkka hakuyatoa macho mgongoni mwake. Mgongo ulilowa jasho, basi.

Picha ilipigwa. Daktari wa mifupa alisema mifupa imeungana vizuri na skrubu hazijalegea. Vyuma vinaweza kubaki humo maisha yote visipoleta shida. Maumivu yalitoka kwenye misuli iliyokosa kazi. Terhi alimweleza Outi kwamba watu wengi waliopasuliwa wakiwa vijana huishi kama wenzao: hufanya kazi, huzaa, hucheza. Akamwonya pia kwamba ziko siku mgongo utauma. "Wangu unaniuma, na sina hata msumari," alisema.

Akamfundisha kazi zizini, mbele ya mama yake. Sehemu iliyoungana haipindi, kwa hiyo Outi akunje nyonga na magoti, na mzigo aushike karibu na mwili. Ndoo mbili za nusu ni bora kuliko moja iliyojaa. Chakula cha ng'ombe kisukumwe kwa toroli. Kila siku atembee na kufanya mazoezi ya tumbo na mgongo. Lakini mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, au mkojo ukitoka wenyewe au ukikataa kutoka, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Outi akaanza na ng'ombe wawili, kisha wanne, wengine Hilkka akijikongoja nao. Mwezi Aprili alijisahau, akabeba gunia zima, kesho yake akaamka hawezi kuvaa soksi. Hilkka akaikimbilia simu ampigie Veikko aje mapema. Outi naye akampigia Terhi. Terhi akaja, akampima miguu, akaona ina nguvu. Akamwambia apunguze mizigo, asilale kutwa, atembee. Baada ya siku chache Outi akarudi zizini. Hilkka aliendelea kununa, lakini kumpigia Veikko aliacha.

Ilipofika vuli, Outi alikuwa anawahudumia wote kumi na wanne, na maumivu ya jioni yamepungua sana. Veikko alikuja na lori lake kubwa. Akakaa mezani, akataja bei, tena nzuri.

"Muulize mwenye ng'ombe," Hilkka alisema, akimwonyesha Outi.

Veikko akatabasamu kidogo. "Hilkka, tuongee ukweli. Mtoto ana mgongo wa vyuma."

"Anao. Ndio uliowakamua leo asubuhi. Mimi nilikuwa nimelala."

Veikko akamgeukia Outi. Outi akasema hauzi. Veikko akamtazama tena Hilkka, akingoja abadilishe neno. Hofu ya mama haiishi kwa siku moja. Lakini alichukua birika, akammiminia mgeni kahawa ya kumuaga, akamwambia binti yake amsaidie kugeuza lori lirudi tupu.