Mota Iliyolala na Jilala

Kilichoibwa hakikuwa na uzito wala harufu, na hakuna aliyekiona kikipita mlangoni. Ndiyo maana askari wa zamu walikuwa wanacheka.

"Mzee anasema wamemwibia tovuti, afande," alisema Konstebo Mageni, akijitahidi kukaza uso. "Tovuti ya mota za mashua za kuchezea. Hapa Shinyanga, mahali ambapo hata maji ya kunywesha ng'ombe tunagombania!"

Inspekta Nyamizi hakucheka. Miaka yake katika upelelezi ilikuwa imemfundisha kuangalia uso wa mlalamikaji kabla ya kusikiliza lalamiko, na uso wa mzee aliyeketi kwenye benchi ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi ni Herman, natoka Kolandoto."

Maelezo yake yalinyooka. Ujana wake wote aliumalizia kwenye machimbo ya Rwamgasa, Geita, akiwa fundi wa karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Fundi mmoja wa kigeni aliporudi kwao alimwachia sanduku la mota kuukuu, ndogo kama ngumi ya mtoto, za kuendeshea mashua za mfano. Herman akanogewa. Akazitafuta nyingine, akazifufua, akazipiga picha, na hatimaye akazifungulia tovuti. Watu wa nchi ambazo hawezi hata kuzitamka wakawa wanamwandikia.

"Sasa haipo," alisema, akimnyooshea simu aliyoazima kwa jirani. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Labda hukulipia."

"Nimelipia. Kila mwaka tovuti kwanza, viatu baadaye."

Nyamizi alitazama viatu vya mzee, vilivyochakaa, na kuamini.

"Ina nini hata ukaja polisi, mzee?"

"Ina mwanangu."

Mwanawe, Jilala, alifukiwa na duara huko Rwamgasa, moja ya yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Mwili haukupatikana. Kwenye tovuti kulikuwa na ukurasa wake: picha yake akiwa amebeba mashua kando ya lambo, picha ya mota aliyoipenda kuliko zote, na maneno machache ya baba yake.

"Wenzangu wana kaburi la kupalilia," alisema Herman. "Mimi nina ukurasa huo. Picha nyingine sina. Simu yake alifukiwa nayo."

Mageni aliinamisha kichwa akaanza kufungua jalada bila kuambiwa.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Wiliam, mwenye steshenari karibu na stendi, ambaye ndiye aliyeitengeneza tovuti. Habari zilikuwa zimeenea kwamba yeye na mzee waligombana.

"Mligombana kwa nini?"

"Niliweka matangazo ya kubeti juu ya picha ya marehemu. Mzee akanifokea, nikayatoa. Alikuwa na haki, afande. Mimi mwenyewe niliona aibu."

"Neno la siri unalo?"

"Alilibadilisha siku ileile. Ukilisahau unaomba jipya, na namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini yake. Aliyeshika laini ya mzee ndiye aliyeshika tovuti."

"Kilichofutwa kinaweza kurudi?"

"Kampuni inayoihifadhi hubaki na nakala kwa muda mfupi tu. Wakishaitupa, basi. Waandikieni leo, si kesho."

Nyamizi aliandika barua akiwa amesimama palepale kaunta, akaituma kabla hajatoka. Kisha akarudi kwa Herman.

"Laini yako iliwahi kusumbua?"

"Ilikata mtandao siku tovuti ilipopotea. Nikadhani ni mnara. Nikaenda kwa wakala, akasema laini imehamishiwa kadi nyingine, nimlete mwenye laini aweke kidole."

"Mwenye laini si wewe?"

Herman aliweka mikono mezani, viganja juu. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kikombe cha udongo kilichosuguliwa, hazina mstari hata mmoja.

"Mawe na tindikali za karasha vimezila. Tulipoambiwa kusajili laini kwa alama za vidole, mashine ilinikataa mara zote. Mwigulu akaweka cha kwake."

"Mwigulu ndiye nani?"

"Ndugu yangu. Hatukunyonya ziwa moja, lakini ukimkuta nyumbani kwangu hutajua. Duara alilokufa Jilala lilikuwa lake. Msiba wote aliubeba yeye. Hata Kiingereza cha wageni wa tovuti ananisomea yeye, anapokuja."

"Mzee, laini inahamishwa na yule mwenye alama ya kidole."

Herman alimwelewa, na uso ukamkunjamana kwa hasira. "Mayu, umenisaidia, wabeja, asante. Lakini jina hilo liache. Tafuta mwizi."

Nyamizi hakubishana naye. Jibu la kampuni ya simu lilikuja kesho yake: laini ilihamishwa kwa wakala mmoja mjini Geita, kwa alama ya dole gumba la Mwigulu. Mhusika alishajulikana. Kwa nini, hapo ndipo palipomnyima raha. Mtu aliyembebea mwenzake msiba atamfutiaje kumbukumbu ya mwanawe?

Kwa bahati, nakala ya tovuti ilipatikana kabla haijatupwa. Wiliam aliifungua kwenye kompyuta yake, Nyamizi akivuta kiti. Mota zilipita moja baada ya nyingine, zimeng'arishwa, kila moja na historia yake. Mwishoni kulikuwa na sehemu ya salamu za wageni. Salamu ya mwisho ilikuwa ya Kiingereza, ya mpenzi wa mota aliyepita Mwanza matembezini, naye aliiandika siku chache tu kabla ya kila kitu kufutwa. Wiliam aliisoma kwa Kiswahili, polepole.

"Anasema amenunua mota sokoni Mwanza, kwa muuza vitu vya kale. Inafanana kabisa na ile ya ukurasa wa Jilala, hata herufi J na nyota zilizochongwa chini. Anauliza, mzee alitengeneza mbili?"

Picha ilikuwepo. J na nyota, nyota yenyewe imepinda mguu mmoja.

Nyamizi alirudi kwenye ukurasa wa Jilala. Mota ni ileile, nyota ni ileile, mguu umepinda vilevile. Chini yake Herman alikuwa ameandika: *Mota hii imelala na mwanangu Rwamgasa. Ilikuwa mfukoni mwake.*

Nyamizi akamfuata Herman nyumbani kwake Kolandoto.

"Mzee, ulijuaje kwamba Jilala alikuwa nayo mfukoni?"

"Mwigulu alisema, kwenye matanga, mbele ya watu wote. Kwamba aliiona ikiingia mfukoni asubuhi, mtoto akishuka nayo. Maneno yale ndiyo yaliyonifanya nile chakula."

Mwigulu alikamatwa Rwamgasa, nyumbani kwake, akiwa anakunywa chai. Hakuuliza kosa lake. Nyamizi aliliona hilo akaliweka akilini, kwa sababu mtu asiye na hatia huuliza.

Katika chumba cha mahojiano alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Mwigulu aliitikia kwa kichwa.

"Laini ya Mzee Herman uliihamisha wewe?"

"Ndiyo."

"Tovuti uliifuta wewe?"

"Ndiyo. Nitalipa faini."

"Kwa nini uliifuta?"

"Ilikuwa inamtonesha kidonda kaka yangu. Mtu hawezi kulia miaka yote."

Uongo huo ulitoka vizuri, kama wa mtu aliyeufanyia mazoezi njia nzima. Nyamizi aliweka picha mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Hii iko wapi?"

"Imefukiwa na Jilala."

"Na hii iliyonunuliwa Mwanza?"

Mwigulu alizitazama kwa muda. Akaigeuza ile ya Mwanza kifudifudi.

"Ungefuta ujumbe tu," alisema Nyamizi.

"Picha ya kwenye ukurasa ingebaki. Mwingine angeuliza. Mota yenyewe nilishindwa kuitupa, afande. Na kukaa nayo ndani nilishindwa. Nikampa dalali wa Geita, nikajua itapotelea mbali."

"Uliipata wapi?"

"Alinipa."

"Nani?"

"Jilala."

"Lini?"

Nyamizi alizisogeza picha karibu naye zaidi.

"Duara lilipokwisha kutitia," alisema Mwigulu. "Wengine walikuwa juu wanakula. Nikashuka peke yangu. Palikuwa na upenyo kati ya mawe, unapitisha mkono. Akaupitisha mkono. Akaniambia, baba mdogo, mpelekee baba hii, ataamini niko hai, aje na watu."

"Ukafanya nini?"

"Tulikuwa tumechimba hadi chini ya leseni ya jirani. Matimba ya kuzuia udongo sikuyaweka, na mwamba wa dhahabu ulikuwa umeanza kuonekana. Waokoaji wangeshuka, wangeona yote. Duara lingefungwa, nami ningefungwa."

"Kwa hiyo?"

"Nikawaambia watu maji yameingia, asishuke mtu."

"Nani alimpigia simu baba yake?"

"Mimi."

"Ulimwambiaje?"

"Kwamba mtoto amefariki."

"Alikuwa amefariki?"

Mwigulu alifunika uso. "Alikuwa anagonga mawe. Usiku wote. Hata kesho yake."

Kalamu ya Mageni, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, ilisimama. Nyamizi alimwambia aandike, naye akaandika.

Nje, Herman alikuwa ameketi kwenye benchi na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Alikuwa amelileta kwa ajili ya Mwigulu, kwa sababu mahabusu hulishwa na ndugu zao, na tangu asubuhi alikuwa akimwambia kila askari aliyepita kwamba wamekosea mtu.

Nyamizi aliketi kando yake. Kama kungekuwa na afande mwingine wa kumtuma aseme maneno haya, angemtuma. Alimwambia kwamba tovuti imerudi hewani, na kwamba ukurasa wa Jilala sasa ni kielelezo cha kesi ya mauaji. Kisha akamwambia yaliyobaki, yote, kwa sauti ya chini, hadi mwisho.

Herman hakulia. Aliliweka bakuli chini.

"Alikuwa anagonga?"

"Ndiyo, mzee."

"Jioni ile nilishafika. Nilikaa palepale, juu ya duara. Nilisikia kitu, mayu. Nikasema nashuka. Mwigulu alinikumbatia, akanishika kwa nguvu, akanishikilia mpaka kukakucha. Nami nikamshukuru."