Msimamizi wa Karakana ya Baba

Kila asubuhi mwokaji mikate alikuwa wa kwanza kuamka mtaani. Alikanda unga, akawasha tanuri, akapanga mikate kwenye trei. Ilipofika saa moja wateja walikuwa wamejaa mlangoni, naye aliwahudumia huku akiwatania.

"Wewe jana ulisema mkate wangu mgumu. Mbona umerudi?"

Walicheka, wakanunua.

Jumatatu moja utani ulikatika. Bwana mwenye mkoba mweusi alisubiri wateja waishe, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye msimamizi wa mirathi ya marehemu fundi seremala?"

"Alikuwa baba yangu," mwokaji alijibu.

"Basi pokea wito wa mahakama. Tia sahihi hapa."

Alitia sahihi. Bwana yule alipoondoka, alisoma mistari miwili, macho yakaganda. Aliyemshtaki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa muuguzi. Utotoni walilala kitanda kimoja.

Baba yao alikuwa amefariki miaka miwili nyuma; mama yao alitangulia zamani. Aliacha karakana ya useremala na mashine kubwa ya randa. Aliacha pia mabinti watatu: mwokaji, muuguzi, na kitinda mimba aliyekuwa bado sekondari, akiishi kwa muuguzi katika mji mwingine. Kikao cha ukoo kilimpendekeza mwokaji, na mahakama ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Alipewa barua yenye mhuri. Aliifungia kabatini bila kuisoma mpaka mwisho.

Mume wake naye alikuwa seremala. "Barua imekutaja wewe," alimwambia wakati ule. "Basi mali ni yako." Wiki hiyohiyo akaihamishia mashine kwenye karakana yake mwenyewe. Muuguzi alipopiga simu kuuliza, mwokaji alimjibu juu juu. Baadaye akaacha kabisa kupokea.

Sasa wito ulikuwa chini ya godoro, na hofu ilikuwa imehamia ndani ya nyumba. Pikipiki ikisimama nje, alizima taa. Mtu akibisha hodi, alijifungia chumbani. Kila alipofumba macho aliona mlango wa jela. Wiki ile aliunguza mikate mara mbili.

Wiki iliyofuata mume aliuona wito, uso ukamshuka. Akaenda kabatini, akarudi na fomu.

"Hii ni ya kubadilisha jina la kiwanja cha karakana. Kiandikwe jina lako kabla ya siku ya kesi. Wakija, watakuta mambo yamekwisha. Na mahakamani usiende. Wasipokuona watachoka."

"Nikikataa kusaini?"

"Ukikataa, mashine itachukuliwa, na kazi yangu imekufa. Tutakula nini? Mikate yako iliyoungua?"

Hakuwa anatania. Mwokaji alimwona akichungulia nje dirishani, akajua kwamba mumewe pia anaogopa. Hilo lilimtisha zaidi.

Kesho yake alikuja jirani aliyeitwa Mama Karani. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alimega mkate, akatafuna, akakunja uso.

"Mwanangu, chumvi hii ni ya mikate kumi. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Asiye na kitu halii juu ya unga."

Mwokaji akashindwa kujizuia. Alifunga mlango, akaleta wito na ile fomu, akaeleza yote. Mama Karani alikaa juu ya gunia la unga, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Ukurasa wa pili umeusoma?"

"Niliogopa."

"Unasema usipofika Alhamisi, shauri linaweza kusikilizwa bila wewe. Wenzako watasema yao, na wewe hutakuwepo kueleza yako."

"Watanifunga?"

"Unaitwa ueleze mali iko wapi na kwa nini hujaigawa. Lakini ukiificha mali, au ukasaini fomu hii kwa hila, unajitafutia makubwa. Hapo siwezi kukuahidi kitu."

"Lakini barua imenitaja mimi."

"Imekutaja kuwa msimamizi. Mwenye mali ni ninyi watatu. Wewe umeshikishwa funguo tu kwa niaba ya wote. Kazi yako ni kukusanya mali ya marehemu, kuandika orodha yake na kuipeleka mahakamani, kulipa madeni yake kama yapo, kisha kuwagawia warithi. Huwezi kujimilikisha. Huwezi kumpa mumeo. Na ndugu zako wakiuliza, ni lazima uwajibu."

Mwokaji alijifuta macho kwa aproni. "Basi nimeshakosea."

"Umekosea, ndiyo. Rudisha kilichoondolewa, andika orodha, nenda ukaseme ukweli. Usipoelewa jambo, waulize watu wa msaada wa kisheria. Wapo kwa ajili hiyo."

Mchana ule alimrudishia mumewe fomu. "Sisaini," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

Mume aliichukua, akatoka. Kwa siku mbili alikula na kulala karakanani kwake. Mwokaji aliogopa kwamba sasa atapoteza vyote: ndugu, uhuru na ndoa. Hata hivyo alikwenda karakana ya baba yake na daftari, akaandika kila kitu alichokikuta: meza za kazi, misumeno, mbao, hata ndoo ya gundi iliyokauka.

Alhamisi asubuhi alipokuwa anafunga viatu, mume alisimama mlangoni. "Nimewaita mafundi wawili," alisema. "Mashine inarudi leo. Nimeshindwa kuifanyia kazi. Tangu juzi kila nikiiwasha, namwona baba mkwe."

Mahakamani alifika na daftari lake. Muuguzi alikaa mwisho wa benchi, bila kumtazama. Hakimu alipomwita, mwokaji alishika ukingo wa meza, akasema yote: mashine, simu alizozikwepa, fomu aliyoikataa. Hakimu alimkemea vikali. Alimwambia angeweza kumwondoa kwenye usimamizi siku ileile. Kisha akampa siku thelathini kuleta orodha kamili.

Nje, muuguzi alimsogelea.

"Ulidhani nataka ufungwe?"

"Ndiyo."

"Nilikupigia simu miezi minane, dada. Nilitaka uniambie tu vitu vya baba viko wapi."

Mwokaji alimshika mkono. Walilia pale koridoni, watu wakipita.

Orodha ilifika mahakamani kabla ya siku thelathini kuisha. Ndugu walikubaliana wasiiuze karakana. Waliipangisha, na mpangaji akawa mume wa mwokaji, kwa mkataba ambao warithi waliuona na mahakama ikaukubali. Kodi ikagawanywa mafungu matatu, na wakubwa wawili wakapokea yao.

Lilibaki fungu la kitinda mimba, ambaye alikuwa hajafikisha miaka kumi na minane. Hakimu aliuliza nani amtunzie mpaka afikishe umri. Muuguzi alisimama.

"Dada yetu mkubwa," alisema. "Namwamini."

Mwokaji alihisi hofu ileile ikimpanda kifuani. Karani wa mahakama alimsogezea karatasi ya kukubali jukumu hilo, na kalamu. Mwokaji aliiweka kalamu chini, akavuta kiti karibu.

"Naomba unisomee kwanza," alisema. "Mpaka mwisho."