Kijiti kwenye Kitufe cha Kinga

Wewe mwenye digrii iliyoning'inia ukutani, umewahi kukalia kiti cha marehemu ukakikuta bado kina joto lake? Hujawahi? Basi shukuru, kisha nyamaza usikilize.

Kulikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la viatu, mapazia meusi mchana kutwa ili jua lisipige skrini. Bosi alikiita "studio". Studio, jamani! Viti vya plastiki, feni inayokohoa, na vijana wenye shahada wanacheza gemu la panga la mtandaoni kwa niaba ya matajiri wavivu. Tajiri ananunua shujaa aliyekwisha kupandishwa daraja, halafu anajisifu kwa wenzake kwamba ana mkono mwepesi. Mkono wenyewe ni wa mtu aliyesomea fizikia.

Kwenye gemu hilo kushambulia ni kazi ya kila mjinga. Ufundi uko kwenye kinga: ya juu, ya kushoto, ya kulia. Ukishikilia kitufe vitani, mkono wa shujaa unachoka, upanga unadondoka, unachinjwa. Ukibonyeza pale pale chuma kinapotua, adui anayumba na kichwa chake ni chako. Ila intaneti ya Bosi ilikuwa inatambaa. Ulikuwa unauona upanga wewe umeshakufa. Ndipo jamaa mmoja waliyemwita Ngao akawafundisha wenzake.

"Acheni kukodoa macho, nyie. Sikilizeni pumzi. Adui anavuta pumzi kabla ya kukata. Ikivutwa kwenye sikio la kushoto, kinga kushoto. Fasta, kisha achia."

Shujaa wa Ngao akafika kileleni mwa ligi. Bosi akamkalisha kitini bila mtu wa kumpokea zamu, mpaka moyo wake ukagoma, akaangukia kibodi, hedifoni kichwani. Wakamteremsha kwa ngazi za nyuma, amefunikwa pazia. Na Bosi alifanya nini? Alilia? Thubutu! Alichokonoa meno kwa kijiti, kisha akakichomeka kwenye kitufe cha kinga kisiinuke. Gemu humtoa mchezaji anayezubaa, ila halimtoi aliyeinua upanga. Na pale kambini, pasipo na adui, mkono hauchoki.

"Guys, poleni sana," akasema. "Lakini akaunti hii isifungwe. Ikifungwa inashuka ligi. Let's be professional."

Kesho yake akampachika pale msichana wa fizikia, waliyemwita Profesa. Alipokaa tu, akainuka.

"Bosi, kiti kina joto."

"Ulitaka kiwe na barafu? Kaa."

Akavaa hedifoni. Shujaa wa marehemu alikuwa amesimama kambini peke yake, upanga juu. Hakuna adui. Kwenye sikio la kushoto ikavutwa pumzi.

Profesa hakujikinga, ajikinge na nini? Kitu kikamchapa mkono wa kushoto juu ya kiwiko, na alipopandisha sweta akakuta mstari mwekundu ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Harufu ya chuma kibichi ikajaa chumbani.

"Mmesikia?" akanong'ona.

"Tusikie nini, dada?" akajibu jirani yake, bingwa wa kuuliza maswali ya kijinga.

Pumzi ikaja tena, sasa kulia, naye akakichomoa kijiti na kubonyeza kinga kwa wakati wake, chuma kikalia, na ndani ya hedifoni sauti ya Ngao, ile ile ya upole, ikasema, "Vizuri. Achia," na kabla hajaachia ikavuta juu, akakinga juu, ikavuta kushoto, akakinga kushoto, akataka kuvua hedifoni lakini mikono haikuthubutu kuacha vitufe, jasho likamwingia machoni, wenzake wakiendelea kubofya vyao kama maroboti, mpaka likaja pigo moja bila pumzi yoyote, kimya kabisa, na mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe juu ya kichwa ukakaa hapo.

Haukushuka.

Wafanyakazi wakagoma kuingia. Bosi akakubali aletwe mganga, na wala si kwa huruma. Mnunuzi wa akaunti alikuwa njiani. Mganga akaitazama skrini, akauliza nani alimfungia mlango marehemu.

"Mlango gani, mzee?" akauliza Bosi.

"Mtu wenu kaondoka. Mwili wake wa humo ndani mmeuacha umesimama, mlango wazi. Jini amepanga bure. Nyie mnaiitaje, akaunti? Ifungeni, huyu binti atashusha mkono."

"Haifungwi bila neno la siri. Analo nani?" akauliza Profesa, mkono bado hewani.

Wote wakamgeukia Bosi.

"Ninalo mimi," akasema. "Na nikifunga, miezi yote ile ya kazi inaharibika. Mzee, fukiza kitu kidogo tuendelee."

Mganga akakunja mkeka wake akaondoka. Huyo angalau alijua aibu. Profesa akaenda ukutani akazima swichi kuu kwa mkono wake mzima. Feni ikasimama, kompyuta zikafa. Ya Ngao tu ikabaki inawaka, na shujaa aliyekuwa ametazama mbele maisha yake yote akageuza shingo taratibu kumtazama Bosi.

"Backup battery hiyo," akasema Bosi, ingawa hakuna mashine pale iliyokuwa na betri. "Relax. Mnaogopa katuni?" Akavaa hedifoni awaonyeshe.

Wakamwona anakunja uso. Amesikia pumzi. Mtu aliyeuza mashujaa miaka yote hiyo hakujua hata kitufe cha kinga kiko wapi! Alikuwa anakitafuta kwa kidole kama mtu aliyeangusha funguo, pigo likatua, na mfupa wa mkono ukalia hadi mlangoni.

Unadhani alijifunza? Alirudi na plasta ngumu mkononi, akamuuzia mnunuzi neno la siri kwa ahadi ya kumlindia ligi, akachomeka kijiti kipya kwa mkono wa pili, akabandika tangazo pale chini dukani: anatakiwa mwenye shahada, kazi ya kukaa.

Profesa yuko kwao. Mama yake, fundi cherehani, amemkatia nguo zote bega la kushoto ili ziweze kuvalika. Akilala, mkono unasimama juu ya shuka. Wakati mwingine unageuka wenyewe, kulia, juu, halafu mama anaona mstari mpya.

Sasa wewe Bosi, nawe mnunuzi uliyelipia cheo usichokuwa na mkono wake: neno la siri mnalo ninyi. Chomoeni kijiti. Fungeni akaunti ya marehemu leo, mkono wa yule binti ushuke. Hamtaki? Basi ondoeni hilo tangazo, mkikalie kile kiti wenyewe. Bado kina joto.