Tepe za Njia ya Ziwani

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, siku ya Jumatano, Msoma Mita aliegesha pikipiki pale msitu unapoanzia, akakaza kamba za viatu, akaanza kukimbia kupanda mlima. Alikuwa na kazi ndogo. Kutoa tepe arobaini zilizofungwa mitini, kuanzia njia panda hadi ziwani. Kesho yake asubuhi polisi wangepita hapo na mbwa. Wakizikuta, ameumbuka.

Tepe hizo zilipaswa kutolewa Jumamosi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema amezitoa.

Jumamosi ilikuwa siku ya mbio za klabu yao. Wakimbiaji hupanda msituni hadi ziwani, hutoboa tundu moja kwenye namba ya kifuani kwa panchi ya kutobolea karatasi iliyofungwa kwenye mti, halafu hurudi kwa njia ileile. Wa mwisho huwa mfagiaji. Huyo hashindani na mtu. Hubaki nyuma ya kila mkimbiaji, na wakati wa kurudi hutoa tepe zinazoonyesha njia na kurudi na panchi. Alikopita mfagiaji, hakuna aliyebaki. Ndiyo kanuni, na wote huitegemea.

Mwaka huu mfagiaji alikuwa yeye. Kazini kwake alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na penye mbwa mkali au mwinuko mrefu aliandika makadirio bila kufika getini. Miaka tisa hakuna aliyemshtukia.

Siku hiyo mbele yake alikuwa mtu mmoja tu: Fundi, mwanamke aliyeshona fulana zote za klabu, hata kizibao cha manjano alichokivaa mfagiaji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushiriki. Alitembea zaidi ya kukimbia, na mdomo haukupumzika.

"Mfagiaji, mbona unanikanyaga visigino? Kama una haraka, pita."

"Siruhusiwi kukupita, dada."

"Basi vumilia. Ila usije ukanifagia na mimi."

Walicheka wote wawili.

Walipofika njia panda, wakimbiaji wengine wote walikuwa wameshashuka, na Fundi aliendelea mbele. Yeye akaketi kupumua. Mvua ikaanza. Viatu vyake vilikuwa vipya. Akajiambia kwamba ziwani kuna meza ya maji na gari la kuwarudisha waliochoka kwa barabara ya ng'ambo. Mtu wa mwendo ule atapanda gari tu. Akageuka. Akazitoa tepe zote kuanzia njia panda kushuka, akazitia mfukoni.

Redio ya mawasiliano kiunoni ikauliza: "Mfagiaji, nyuma yako kuna mtu?"

"Hakuna."

"Ziwani umefika?"

"Nimefika. Panchi sijaikuta."

Fundi hakupanda gari. Watu wa meza walimbembeleza, akawajibu, "Nimekuja kumaliza." Wakamwacha ziwani bila wasiwasi, maana mfagiaji alikuwa njiani.

Kwa siku nne watu walimtafuta ziwani na ng'ambo yake. Wapiga mbizi walishuka majini mara sita. Msituni hawakugusa, mfagiaji alishasema hakuna mtu. Na kila jioni mama yake Fundi alimpigia simu.

"Mwanangu, hebu nieleze tena ulipomwacha."

Naye alimweleza tena. Kila mara aliongeza kitu kidogo ili hadithi isimame. Jumanne alimwambia kwamba Fundi alimpungia mkono.

Sasa alikuwa njia panda. Kwa anayetoka ziwani, kulia ni njia ya kushuka, aliyopandia yeye. Kushoto, njia nyembamba ya wakata kuni, inayoishia kwenye korongo. Bila tepe, zilifanana kama mapacha. Hakutaka kuziangalia sana. Akashika njia ya ziwani.

Tepe ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Plastiki ya rangi ya machungwa, bado ina unyevu.

Kwenye ya nne kidole chake kiligusa tundu.

Tundu dogo la mviringo, katikati kabisa. Akaitazama ya tano. Tundu. Ya sita. Tundu.

Akaongeza mwendo.

Chak.

Akasimama. Msitu ulikuwa kimya. Hata ndege walikuwa wameacha kelele zao... Akaanza tena kukimbia, na nyuma yake nyayo zikaanza. Hazikukimbia. Zilitembea. Lakini hazikuachwa.

Chak.

Harufu ikamfikia. Si ya majani, si ya matope. Mafuta ya cherehani.

Alifika ziwani, tepe thelathini na tisa mkononi. Maji yalikuwa meusi, hayatikisiki. Tepe ya arobaini ilikuwa kwenye mti wa panchi. Kamba iling'inia. Panchi haikuwapo.

Nyayo zikakoma mgongoni pake.

"Mfagiaji..." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekaukiwa koo. "Nyuma yako kuna mtu?"

Hakugeuka. Ulimi ulijibu wenyewe, kama ulivyozoea.

"Hakuna."

Chak.

Safari hii ilikuwa sikioni.

"Nyuma yako kuna mtu?"

Akapiga magoti kwenye tope. Tangu Jumamosi alikuwa amezungumza na polisi, Mwenyekiti wa klabu, wapiga mbizi na mama yake Fundi, na hata mara moja hakusema lililotokea.

"Upo," alinong'ona. "Upo wewe, dada. Mimi sikufika huku. Niliishia njia panda. Mvua ilikuwa... viatu vyangu vilikuwa vipya."

Alipolisikia neno hilo likimtoka mdomoni, aliona aibu kuliko woga.

Halafu nyayo zikampita. Aliona majani yakilala na kuinuka, yakilala na kuinuka, kurudi njia aliyokuja nayo. Hakuona mtu. Akazifuata kwa mbali, maana njia ya kurudi ilikuwa hiyohiyo moja.

Njia panda, nyayo zilisita. Zikageuka huku na huku, kama mtu anayetafuta alama.

Zikashika kushoto.

Alijua alichopaswa kufanya. Alikuwa na tochi, na simu ilikuwa na chaji. Alisimama pale muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha akakimbia kulia, akashuka bila kutazama nyuma hadi kwenye pikipiki.

Saa moja na nusu alikuwa sebuleni kwa mama yake Fundi. Cherehani ya binti ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka. Alikataa kiti. Alieleza yote akiwa amesimama, macho kwenye tope lililodondoka kutoka viatuni hadi sakafuni.

Mama hakulia. Alimwacha amalize.

"Kumbe hata mkono hakukupungia."

"Hapana, mama."

"Njia ya mwongo ni fupi. Lakini yako, baba, ameitembea mwanangu." Akachukua simu. "Usiondoke. Polisi watakukuta hapahapa."

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Fundi alikutwa korongoni, hatua mia tatu kutoka njia panda, upande wa kushoto. Mguu ulikuwa umevunjika. Daktari alisema alikuwa hai hadi Jumanne. Mkononi alikuwa na panchi. Watu wa meza walieleza kwamba alipomsubiri mfagiaji bila kumwona, alisema ataibeba yeye, amsaidie.

Namba yake ilikuwa na tundu moja. Lakini kifuniko cha panchi kilipofunguliwa kilikuwa kimejaa vipande vya plastiki ya rangi ya machungwa. Polisi waliandika kwamba alitoboa tepe kila alipopita, ili atakayemfuata ajue kwamba amepita. Maelezo hayo yalitosha kwa tepe arobaini za juu.

Zile za chini, kuanzia njia panda, Msoma Mita alizitoa Jumamosi kabla Fundi hajarudi. Alimkabidhi Katibu wa klabu mfuko wa tepe hizo jioni hiyohiyo, ukafungiwa kabatini ofisini kwa klabu, ufunguo ukabaki kwa Katibu.

Alhamisi saa kumi jioni Katibu alilifungua kabati mbele ya askari wawili. Akazimwaga tepe mezani, akazihesabu mara mbili. Zilikuwa sitini na mbili. Kila moja ilikuwa na tundu.